Mama Yanini Anunua Kompyuta ya Kwanta

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye mlango wa ofisi tu, na hata hapo herufi mbili zilikuwa zimebanduka. Taasisi nzima, kuanzia walinzi wa getini mpaka mwenyekiti wa bodi, ilimwita Mama Yanini. Alikuwa mkuu wa kitengo cha ununuzi, na ukimpelekea ombi lolote, liwe la darubini au la kapeti, alivua miwani, akakutazama, kisha akauliza, "Ya nini?" Hakuuliza kwa ubaya hata kidogo. Lakini watu wengi, hasa wenye vyeo, hawapendi kuulizwa ya nini, kwa sababu mara nyingi hawajui.

Tabia hiyo aliirithi. Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mikoba ya shule, na siku alipokwenda kununua cherehani yake ya kwanza alimchukua binti yake amsaidie kubeba. Muuzaji akawaonyesha mashine inayong'aa, akashona kipande cha pamba laini, uzi ukateleza vizuri kama maji. Mama akatikisa kichwa. Akafungua kikapu chake, akatoa turubai nene aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akasema, "Pamba yako naiona. Sasa shona kitambaa changu." Sindano ikavunjika vipande. Mama akakunja turubai yake, akaaga kwa heshima, wakaenda duka la pili, na la tatu, na mengine ambayo mtoto mwenye miguu inayouma hakutaka kuyahesabu, hadi ilipopatikana cherehani moja yenye sura mbaya iliyoishona turubai ile bila kulalamika. Cherehani hiyo bado ipo sebuleni kwao, chini ya dirisha. Na mama yake bado yupo, mzee sasa, mkali wa maneno, na huwa anavunjika mbavu kwa vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza.

Basi, taasisi yao ilikuwa ya utafiti wa kemia: mbolea, dawa za kusafisha maji, mambo ya namna hiyo. Siku moja Mkurugenzi akarudi kutoka kwenye mkutano wa nje na neno jipya mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa "kwanta", na alilitamka polepole, kama mtu anayemumunya pipi asiyotaka iishe. Akaingia ofisi ya ununuzi mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Tunanunua kompyuta ya kwanta," akasema.

Mama Yanini akavua miwani. "Ya nini, Mkurugenzi?"

"Ya..." Mkurugenzi akatazama dari, akatazama feni. "Ya kisasa."

Mama Yanini aling'ata mdomo asicheke. Lakini alipobaki peke yake hakuona tena kichekesho, maana alimkumbuka Sultani. Sultani ilikuwa mashine kubwa iliyonunuliwa zamani, kabla hajawa mkuu wa kitengo, na ilinunuliwa kwa sababu hiyohiyo ya kisasa. Ilikaa chumba cha mwisho kabisa nyuma ya jengo. Ililindwa, ilipanguswa vumbi, iliwashiwa kiyoyozi, na haikufanya kazi yoyote. Ndiyo maana wakaiita Sultani. Wafanyakazi waliweka vikombe vyao vya chai juu yake, na kusema kweli kwa kazi hiyo ilifaa.

Muuzaji aliyemtia Mkurugenzi wazimu alikuja wiki iliyofuata. Alivaa tai nyekundu, na kila alipokuja alivaa tai nyekundu, wakamwita Bwana Tai. Ukiuliza kama jina lilitokana na ile ya shingoni au na yule ndege anayezunguka juu ya vifaranga, wafanyakazi walijibu kwamba ni yote mawili. Alizungumza vizuri mno. Kila sentensi yake ilifika kwenye neno kyubiti, ambazo ndizo vipande vinavyofanya hesabu ndani ya mashine hizo, na kampuni yake ilikuwa na kyubiti nyingi kuliko kampuni nyingine yoyote. Mkurugenzi alikuwa anasikiliza mdomo wazi.

"Nyingi kuliko wote," Mkurugenzi akarudia. "Umesikia, Mama Yanini?"

"Nimesikia. Zinafanya nini?"

Bwana Tai akatabasamu, tabasamu la kumhurumia mtu. "Mama, hii ni kwanta. Haiulizwi hivyo."

Hapo ndipo moyo wa Mama Yanini ulipokataa. Kitu kisichoulizwa, kwake, kilikuwa hakinunuliki.

Palikuwa na mtu mmoja tu katika jengo lile aliyewahi kuishika mashine ya kwanta kwa mikono yake. Alikuwa mwanafizikia mdogo wa umri, aliyesomea mbali na kurudi, na kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakosi daftari la hesabu za kwanta kwapani, wenzake walimwita Binti Kwanta hata kabla ya Mkurugenzi kulijua neno lenyewe. Mama Yanini alimfuata maabara, akavuta stuli, akakaa.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," akamwambia. "Na usinidanganye."

"Nimdanganye shangazi, nilale njaa?" Binti Kwanta akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia basi, shangazi. Molekuli ni vitu vidogo, vinaishi kwa sheria za kwanta, zile za vitu visivyoonekana kwa macho. Kompyuta zetu za kawaida zikijaribu kuziiga, molekuli ikikua kidogo tu zinazidiwa. Hii nyingine inafuata sheria hizohizo za molekuli, kwa hiyo siku ikikomaa itatusaidia sana. Lakini bado haijakomaa. Inakosea. Kyubiti zinapoteza kumbukumbu kabla kazi haijaisha. Ukiwa na nyingi zinazosahau, huna kitu."

"Kwa hiyo tusinunue?"

"Sijasema hivyo. Wanaonunua sasa kwa akili wananunua shule. Wanataka vijana wao wajue kuifungua, kuifunga na kuilaumu panapostahili, ili siku itakapokomaa wasianze kujifunza a, e, i." Akashusha sauti. "Wakileta Sultani wa pili, shangazi, mimi narudi nilikotoka. Sitakaa kulinda vikombe."

Mama Yanini akarudi ofisini akiwa na nusu ya jibu. Kesho yake Mkurugenzi akamwita, akamsukumia mkataba wa Bwana Tai mezani na kalamu juu yake. Akasema bodi inakaa karibuni, anataka jambo liwe limekwisha. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, akaongeza kwamba tawi la mbali lina nafasi ya msimamizi wa stoo, mahali patulivu, panapomfaa mtu anayependa maswali.

Mama Yanini aliitazama ile kalamu. Alikuwa ameingia taasisi ile akiwa karani, akapanda ngazi moja moja, na kila kiti ndani ya jengo hilo alijua kilifikaje. Aliogopa. Lakini alipiga moyo konde.

"Mkurugenzi, nipe jaribio moja tu. Kampuni zote zilizoomba kutuuzia, ya Bwana Tai ikiwemo, zije mbele ya bodi zishone kitambaa chetu."

"Kitambaa?"

"Tuna molekuli ambayo maabara yetu imeshaipima kwa mikono. Jibu tunalo. Tunawapa wote molekuli hiyo, tuone nani analipata. Kama Bwana Tai ndiye bora, atashinda mchana kweupe, na mimi nitasaini huku napiga makofi."

Mkurugenzi akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa, na mtu akipenda huwa na hakika. "Sawa," akasema. "Lakini ukiniaibisha mbele ya bodi, ufunguo wa stoo nitakukabidhi mwenyewe."

Masharti yakatumwa kwa kampuni tatu. Na hapa lazima isemwe kinaga ubaga kwamba kosa lililofuata lilikuwa la Mama Yanini, na si la mtu mwingine. Binti Kwanta alikuwa amemwambia mashine inahitaji mahali patulivu. Yeye akaandika "chumba tulivu", akampa fundi mkuu wa majengo, mzee mmoja mkakamavu aliyeitwa Saruji, akaenda zake. Saruji alikuwa hajawahi kupewa agizo zuri kama hilo. Maisha yake yote alikuwa ameagizwa mifereji na mabomba. Alichagua chumba cha mbele kinachotazama bustani, akapaka ukuta rangi ya bahari, akapanda maua dirishani, akaweka benchi, akatundika kibao: KIMYA TAFADHALI. Wafanyakazi wa jikoni walikatazwa kuimba. Mama Yanini alipokagua alisikia ndege wakilia nje, akampongeza Saruji mpaka mzee wa watu akaona haya.

Siku ya wahandisi wa kampuni kuja kukagua mahali, yule wa kampuni ndogo kuliko zote, mama mnene mcheshi mwenye viatu vya kazi, aliweka kidude chake sakafuni, akakisoma, akakunja uso.

"Hapa panatetemeka," akasema.

"Panatetemeka wapi?" Mama Yanini akauliza. "Hapa ni patulivu. Hebu sikiliza ndege."

"Ndege hawana shida, mama. Shida ni pampu ya maji iliyo chini ya bustani. Na lifti iko nyuma ya ukuta huu. Mashine haina masikio. Haijali kelele za watu, inajali sakafu. Utulivu wake ni kutotikisika."

Saruji alitazama maua yake kama mtu aliyefiwa. Bwana Tai, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakukosa nafasi. "Na huyu," akasema kwa sauti ya kutosha kumfikia Mkurugenzi, "ndiye anayetuchagulia mashine."

Mama Yanini alirudi nyumbani mabega yakiwa chini. Alipomsimulia mama yake, mzee alicheka hadi akakohoa, akapigwa mgongo, akacheka tena.

"Umewapandia mashine maua!"

"Cheka tu, mama. Wananipeleka stoo."

"Nacheka, ndiyo. Mimi nikishona matundu ya vifungo ulikuwa ukirukaruka kitandani, nikakufukuza nje. Ulidhani nakufukuza kwa sababu ya makelele?" Mzee akajifuta machozi. "Makelele nilikuwa napiga mimi, nikiimba. Pisha, uko mbele ya chakula changu."

Asubuhi Mama Yanini aliingia kazini na beseni. Alilijaza maji bombani, akalibeba kwa mikono miwili, akaanza kupita chumba baada ya chumba. Aliliweka sakafuni, akapiga magoti, akatazama uso wa maji. Penye pampu maji yalikunjamana. Karibu na lifti yalicheza. Chini ya dirisha la barabarani kila gari kubwa lilipopita yalitoa duara. Wahasibu walimchungulia, makarani wakanong'ona kwamba stoo imeshampanda kichwani. Saruji alimfuata nyuma na kitambaa, akipangusa yaliyomwagika, uso wake ukiwa bado wa msiba.

Waliishia kule nyuma kabisa, kwenye chumba cha Sultani. Mama Yanini akaweka beseni sakafuni katikati ya nyaya zenye vumbi. Maji yakatulia. Pampu ikawashwa mbele, lifti ikapanda na kushuka, lori likapita. Maji yalikaa vilevile, wakajiona sura zao humo, yeye na Saruji, vichwa viwili vimeinama.

"Hapa jengo limekaa juu ya mwamba," Saruji akasema polepole. "Mimi ndiye niliyemwaga hii sakafu."

"Na umenyamaza muda wote huu?"

"Mama uliandika tulivu! Ungeandika kisichotikisika, ningekuleta hapa siku ileile!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi maji ya beseni yakatikisika kwa sababu yao. Binti Kwanta akaazima kidude cha yule mhandisi, akapima, akatoka mbio korido nzima akipunga mikono.

Siku ya bodi ikafika. Mwenyekiti, daktari mstaafu wa mifugo aliyezoea kumkagua ng'ombe meno kabla ya kusikia sifa zake, aliamuru wazabuni waingie mmoja mmoja. Kampuni ya kwanza haikuwa inauza mashine bali muda: yao iko mbali, unaitumia kwa mtandao. Ilipewa molekuli, ikakaa kwenye foleni mpaka wajumbe wakaanza kusinzia, kisha ikatoa jibu zuri. Yule kijana wao akasema wazi kwamba foleni ndiyo maisha yao. Mama Yanini alimpenda kwa kutoficha.

Bwana Tai akaingia na filamu. Filamu ilikuwa na muziki, na nyota, na sauti nene. Ilipofika katikati, Mama Yanini akainua mkono.

"Pamba yako tumeiona, Bwana. Sasa kitambaa chetu."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Bwana Tai akaunganisha na mashine yao, jibu likatoka kwenye skrini, likawa karibu na la maabara. Mkurugenzi akavuta pumzi, akageuka kumtazama Mama Yanini kwa ushindi.

"Hongera," akasema Mama Yanini. "Rudia."

Ikarudiwa. Jibu likawa jingine, mbali kabisa.

"Rudia tena, tafadhali."

La tatu halikufanana na la kwanza wala la pili. Bwana Tai akalegeza tai. Akasema labda ni mtandao, labda ni molekuli yenyewe, molekuli gani hii, kampuni ina molekuli zake nzuri zaidi ambazo...

"Hatukuomba molekuli zenu," akasema Mwenyekiti. "Kaa hapo pembeni."

Yule mhandisi mnene akaingia wa mwisho, bila filamu. Mashine yake ilikuwa na kyubiti chache, alizitaja bila aibu. Jibu likatoka. Binti Kwanta, aliyekuwa amekaa nyuma, akasimama bila kuambiwa. Likarudiwa, likawa palepale. La tatu palepale. "Inakosea kidogo," mhandisi akasema, "na inakosea hivi kwa sababu hizi." Akazieleza. "Vijana wenu wakija kiwandani wakaifunga nasi, skrubu kwa skrubu, watajua kuirekebisha bila kutuita."

Chumba kikamgeukia Mkurugenzi. Yeye ndiye aliyelileta neno, na Mwenyekiti alitaka kusikia kwake. Mkurugenzi akanyanyuka. Alionekana ameumia, na mtu aliyeumia angeweza kusema lolote, na Mama Yanini aliusikia ufunguo wa stoo ukilia mfukoni mwa bosi wake. Mkurugenzi akamgeukia Bwana Tai.

"Hebu niambie," akasema. "Kyubiti zote zile. Za nini?"

Halafu Mwenyekiti akaguna, mjumbe mmoja akafunika mdomo, na ukumbi mzima ukalipuka, Mkurugenzi mwenyewe akiwemo, maana alisikia mwenyewe alichokisema. "Umeniambukiza!" akamnyooshea Mama Yanini kidole, machozi yakimtoka. Bwana Tai alikusanya nyaya zake, na walinzi wa getini wanasema alipotoka tai ilikuwa mfukoni.

Uamuzi ulipita bila kura ya kupinga. Wangekodi muda kwa ile kampuni ya mtandao ili vijana waanze kujifunza mara moja, na wangenunua ile mashine ndogo, kwa sharti kwamba mikono ya taasisi ndiyo itakayoifunga. Mama Yanini alisaini. Kalamu ilikuwa ileile.

Siku Sultani alipotolewa, hakuna aliyefanya kazi. Walijipanga korido zote mbili, wakapiga makofi na meza, wapishi wakaimba kwa hasira zao zote za kukatazwa, na Saruji akatangulia mbele kama mtu anayeongoza arusi. Vikombe vya chai vikahamishiwa kwenye lile benchi la bustanini. Chumba cha maua kikawa mahali pa kupumzikia, na kibao cha KIMYA hakuna anayekiheshimu mpaka leo.

Na siku ya kuiwasha mpya, Mama Yanini alimleta mama yake. Mzee aliingia kwa fimbo yake, akavipita viti vya wageni, akaenda kusimama mbele ya mashine, karibu kuliko alivyoruhusiwa. Jokofu la mashine, linaloziweka kyubiti kwenye baridi kali, lilikuwa bado wazi, na ndani yake vyuma vya rangi ya dhahabu vilining'inia ghorofa kwa ghorofa. Mzee akaichunguza juu mpaka chini. Kisha akageuka, na kwa sauti iliyojaa chumba kizima akamuuliza binti yake:

"Ya nini?"

Katika miaka yake yote ya kuuliza, Mama Yanini hakuwahi kuulizwa yeye. Alimtazama Binti Kwanta, ambaye hakurudi alikotoka. Akawatazama vijana waliosimama kando ya jokofu na bisibisi bado mikononi, mafuta yakiwa kwenye makoti yao meupe, kila mmoja akijua skrubu ipi ni yake.

"Ya hawa, mama."

Mzee akawakagua vijana mmoja mmoja, bila haraka.

"Imeshona kitambaa chenu?"

"Imeshona."

"Sindano?"

"Haikuvunjika."

"Basi funga huo mlango wa jokofu," mzee akasema, akijishusha kwenye kiti cha Mwenyekiti, "uwashe, tuone."